Vibanio vya Mwezi wa Mei

Haba na haba humaliza kibaba. Waliosema hujaza walikuwa wanatia. Nzembi siku ile alikuwa anachota, na kila alipochota alijiambia ni punje moja tu.

Punje yenyewe ilikuwa kibanio cha nguo, cha mti, kilichopauka kwa sabuni na jua. Saa nane mchana alikuwa navyo kumi na viwili, amevibana kwenye pindo la leso yake. Sasa vilibaki vinane. Nje mvua ya masika ilikuwa ikiteremka bila haraka, na ndani ya chumba cha dobi shuka nyeupe zilitundikwa kamba hadi kamba, hata mtu akitaka kwenda mlangoni ilimbidi azipenye kama anayepita katika mawingu. Shuka hizo hazikulaliwa na mtu. Zilifuliwa kila wiki zisishike ukungu, zikaanikwa, zikapigwa pasi, zikatandikwa tena vitandani kusubiri wageni ambao hawakuja.

Wageni waliacha kuja Diani tangu zile fujo za kuwafukuza watu wa bara, mwezi wa nane mwaka uliopita. Hoteli ilikuwa kubwa, na sasa kulikuwa na Mjerumani mmoja mzee aliyeogelea asubuhi, na kunguru. Meneja akawagawia wafanyakazi waliobaki siku kumi na mbili kila mmoja kwa mwezi, na kila mtu akawa kila kitu: leo dobi, kesho mpishi, keshokutwa mkata majani. Mtu aliruhusiwa kumwachia mwenziwe siku zake, mradi wote wawili watie sahihi. Ila sheria ilikuwa moja: atakayefanya chini ya siku tano kwa mwezi, jina lake litafutwa na ufunguo wa chumba chake urudi ofisini.

Ndipo kibanio kimoja kikawa siku moja ya kazi, na mchezo wa poka, ambao Tsofa, mhudumu wa mezani, alifundishwa na mgeni enzi za wageni, ukapata uzito.

Wengine wangefukuzwa chumbani wakarudi kwao. Tsofa angerudi Kinango kwa mbuzi wa babake. Bi Mwanarusi, mkuu wa dobi, hata chumba hakuwa nacho. Alikuwa akienda na kurudi kwake Waa. Lakini Nzembi, ambaye alizaliwa Shimba Hills kwenye mashamba ya walowezi kutoka bara, wazazi wake walikuwa wamefungasha mwezi ule wa nane wakarudi Makueni, nchi ambayo yeye aliijua kwa kusimuliwa tu. Chumba namba saba, nyuma ya jiko la hoteli, ndicho kilichokuwa pwani yake yote. Vibanio vikishuka chini ya vitano, hana pwani.

"Gawa, Tsofa, usilale," alisema Bi Mwanarusi, akimimina chai ya tangawizi. Meza yao ilikuwa ubao wa kupigia pasi, umefunikwa blanketi.

Tsofa alichanganya karata kwa vidole virefu vya mtu aliyezoea kubeba sinia. "Nzembi leo ametuletea sadaka. Nyinyi Wakamba mnajua kuchonga vinyago. Karata tuachieni sisi."

"Na nyinyi Waduruma mnajua mbuzi. Mbona umeshika sinia?"

"Mbuzi hawatoi bakshishi."

Walicheka wote watatu, na kicheko kikazama ndani ya shuka.

Mchezo ulikuwa rahisi. Kila mtu hupata karata tano, huzitazama, hubadilisha asizozitaka, kisha mwenye moyo huweka vibanio vyake katikati, na wenziwe wamfuate au wafunike karata. Nzembi alitazama zake: mbili ya kopa, nne, saba, tisa, ghulamu. Takataka. Akaweka kibanio. Kwa nini? Hata yeye hakujua. Mvua ilikuwa tamu, mvuke wa pasi ulinukia wanga, na mkono wake ulikuwa kama wa mtu mwingine aliyekaa karibu yake. Bi Mwanarusi alionyesha ree mbili, akavuta.

Vikabaki saba.

Akaona siku ile ikiondoka. Aliiona hasa: Jumanne moja ya katikati ya mwezi, yenye jua, yeye akiwa uwanjani na kapu la nguo, ikanyanyuka polepole kama shuka iliyochomoka kambani, ikapita juu ya paa la makuti, ikaenda. Haikumuuma, na hilo ndilo lililomtia hofu.

"Bi Mwanarusi," alisema, "naomba ruhusa niende zangu."

"Ah, mwanangu! Na mvua yote hii? Kaa kidogo. Hata chai haijapoa."

Nzembi akakaa.

Kwa Wakamba wenzake, mtu akisema nakwenda, huambiwa nenda au huambiwa usiende, na jambo limekwisha. Na huyu hakuwa mtu yeyote tu. Mwezi wa nane, watu walipokuwa wakipita mlango hadi mlango kuuliza nani ametoka bara, ni Bi Mwanarusi aliyemchukua hadi Waa, akamvika buibui, akamlaza siku nne kwenye chumba cha ndani na kumwambia neno hilohilo: kaa. Akakaa, akapona. Mtu ambaye kaa yake imekuponya, akikwambia kaa tena, utasimama kwa miguu gani?

Karata zikagawiwa. Akapoteza kimoja kwa Tsofa. Vikabaki sita.

Sasa alikuwa amekwisha kuacha kuhesabu alivyonavyo; alikuwa anahesabu vilivyokwenda. Sita vilivyokwenda vilikuwa wapi? Vitatu vilikuwa kwa Bi Mwanarusi, vimepangwa kando ya birika, na vitatu kifuani pa Tsofa, amejibana navyo kwenye shati kama nishani za askari. Nzembi alivitazama kwa mapenzi ya ajabu, kama mtu anavyotazama nyumba aliyokulia kupitia dirisha la wapangaji wapya. Alitaka kurudi humo. Alitaka iwe saa nane tena.

"Mama, niruhusu basi. Nina nguo za kukunja."

"Nguo gani na kamba zote zi maji? Keti, Nzembi. Tutakula mahamri, nimekuja nayo kutoka nyumbani."

"Anaogopa," alisema Tsofa. "Mwache. Mwoga huenda kwao."

Huenda kwao! Kama kwao kungekuwepo, angekwenda tangu mchana. Akaweka kibanio kwa hasira, bila kutazama karata vizuri, na Bi Mwanarusi akakichukua kwa upole kama anayemwondolea mtoto uzi begani.

Vitano.

Upepo ulipenya dirishani na shuka zote zikajaa, zikawa na vifua na matumbo, safu mbili za wageni weupe wasio na nyuso waliokuja kutazama mchezo. Nzembi aliona kama wote wamemwinamia. Tsofa akagawa. Karata zikaja moja moja, nazo zilikuwa bibi wa kopa, bibi wa shupaza, nne, sita, kumi. Akatupa tatu. Akapewa tatu. Ya mwisho ilikuwa bibi wa uru.

Mabibi watatu. Tangu waanze hakuna aliyeshika mkono kama huo.

Tsofa aliweka viwili. Bi Mwanarusi akaguna, akaweka viwili. Wote wawili wakamgeukia yeye.

Moyo wake ulianza kuimba. Tayari aliviona vinne vile vikija pindoni mwake, tayari alikuwa na tisa. Na kwa hizo siku tisa akaanza kuupanga mwezi. Jumatatu atafua mapazia. Alhamisi atashika jiko. Tsofa, maskini, atakuwa amepungukiwa. Atampa moja kwa hisani, Jumamosi, siku ya Mjerumani kutoa bakshishi. Akamwona Tsofa akishukuru. Akatabasamu, naye akalijua tabasamu lile liko usoni kweli, wanaliona.

Hapo akashtuka. Vinne vile vilikuwa bado mezani, na yeye yuko hapa anagawa Jumamosi!

Saa nane alikuwa akitazama karata. Sasa zilikuwa mkononi mwake, nzuri kuliko zote, naye hazioni; macho yake yamekwisha kuzipita, yako ng'ambo, yanaishi katika mwezi usiokuwepo. Mtu akifika hapo, mabibi watatu wana faida gani? Hata wakiwa wanne. Akishinda atakaa, kwa kuwa bahati imekuja. Akishindwa atakaa, kwa kuwa hana tena cha kulinda. Kila njia ilimrudisha kwenye kiti hiki.

Akasimama.

Aliziweka karata zake juu ya blanketi, nyuso juu, akalivuta pindo la leso lenye vibanio vitano na kulichomeka kiunoni.

Tsofa alikodoa macho. "Mabibi watatu!" Akazibwaga zake: tisa mbili na mchanganyiko. "Wewe mwehu? Ungeshinda! Ungetufagia sote!"

"Ningeshinda," alisema Nzembi. "Na ningekaa."

"Sasa unakwenda wapi?"

"Chumbani kwangu."

Bi Mwanarusi hakuwa amecheka wala kugusa karata zake. Alikuwa ameweka kikombe chini, na uso wake umejifunga.

"Nzembi. Umesimama mezani kwangu bila kuaga?"

"Nimeaga mara mbili, mama. Umenikataza mara mbili."

"Nimekukataza?" Bi Mwanarusi alimtazama kana kwamba amemsikia akitukana. "Mwanangu, ruhusa huombwa mara tatu. Ya kwanza na ya pili nikikujibu nenda, si nimekufukuza? Ya tatu ningekupa. Hata mtoto wa Waa anajua. Nami nilipokuona unakaa, nikasema, huyu binti mchezo umemwingia, tumpe raha."

Nzembi alisimama kati ya shuka mbili zenye unyevu. Mvua ilikuwa imepungua, ikidondoka tu kutoka kwenye makuti. Kwa hiyo hakuwa amefungwa na mtu. Mlango ulikuwa wazi mchana kutwa, umesimamiwa na adabu tu, naye akaiona adabu hiyo kuwa amri. Siku saba zimekwenda hivyo.

"Basi sasa umejua," alisema Bi Mwanarusi, na sauti yake ikalainika, ikawa ile ya chumba cha ndani. "Kutupa karata na kunipa mgongo kama mimi mwizi, mbele ya Tsofa, hilo limeniuma. Sema niwie radhi, mama. Neno moja tu. Ukae, ule hamri, na hivi vinne nilivyokushinda nikurudishie mkononi."

Akavisukuma juu ya blanketi. Vinne. Pamoja na vitano, tisa. Mwezi uleule aliouota, umekuja kwa mlango mwingine, na bei yake ni neno moja.

"Chukua, dada," Tsofa alinong'ona. "Neno halina mfupa."

Nzembi alivitazama vibanio, kisha akamtazama yule mama aliyewahi kumfunika buibui kwa mikono yake mwenyewe.

"Nyumbani kwako nimelala, na uhai wangu najua ulipitia wapi. Hilo nitalishukuru mpaka naingia kaburini, na kesho asubuhi nitakuamkia shikamoo kama kila siku. Vibanio umevishinda kwa haki, kaa navyo. Lakini nimesimama kwa sababu wakati wa kusimama ulikuwa umefika, na ningesimama hata kama ungenipa ruhusa, na hata kama ungeninyima mara ya kumi."

"Nzembi, sema samahani."

"Sisemi, mama. Sikukosea. Siombi radhi."