Ukurasa Gani?

Watu wa baraza la kusoma walikuwa na sheria zao, na mkali wao katika sheria hizo alikuwa mshonaji mmoja wa nguo ambaye wenzake walimwita Sindano. Jina hilo hakulipata kwa sababu ya kazi tu. Mdomo wake nao ulichoma, tena bila kubagua.

Sheria ya kwanza ilikuwa hii: hapa anasemwa mtu wa kitabuni. Mambo ya mumeo, ya shemeji yako, ya jirani aliyekuchokoza, yaache mlangoni pamoja na mwavuli. Ya pili: ukidai jambo, onyesha lilipoandikwa. Hiyo ya pili Sindano aliipenda kupita kiasi. Mtu afungue tu kinywa aseme fulani kitabuni ni mlevi, hapo hapo utamsikia: "Ukurasa gani?" Siku moja dereva mstaafu, mzee ambaye kusema kweli alifuata chai na kiti cha kusinzilia, alikurupuka usingizini akasema kwa nguvu, "Kweli kabisa!" Naye akaulizwa ukurasa gani. Watu walicheka mpaka mkutubi akapoteza mahali walipofikia.

Mkutubi ndiye aliyelianzisha baraza. Kila Jumamosi mchana alipanga viti vya plastiki maktabani, nyuma ya rafu za magazeti makuukuu, akafungua madirisha yanayotazama duka la matairi, akatoa vitabu kabatini. Walisoma kwa sauti, kwa zamu, kitabu kimoja hadi mwisho, kisha wakabishana. Msimu huu walikuwa na hadithi ya mwashi aliyewajengea watu nyumba maisha yake yote, halafu baba yake mzazi alipougua, akashindwa kuingia kumwona.

Sasa hapo ndipo palipokuwa na moto. Maana kwenye kiti cha karibu na mlango alikaa fundi wa kuchomelea vyuma, jina lake la mtaani Cheche, na Cheche alikuwa mdogo wake Sindano. Tumbo moja, ziwa moja. Na walikuwa hawasemezani tangu mama yao azikwe.

Mama alipougua, Sindano ndiye aliyemlisha, akamwosha, akamgeuza ubavu huu na ubavu ule. Cheche alikuwa kazini mji mwingine. Akipigiwa simu anasema nakuja, dada, nakuja. Alionekana watu wameshatoka makaburini, viatu vyao vina udongo mbichi. Sindano alimtazama mbele ya kadamnasi akamwuliza, "Wewe umekuja kumzika nani?" Cheche aligeuka akaenda zake, na toka siku hiyo ikawa kimya, nyumba zao zikitenganishwa na mtaa mmoja tu.

Barazani Cheche aliingia kwa njia ya kazi. Alikuja kuchomelea nondo za madirisha, akasikia watu wanasoma, akazima mashine yake asikilize. Jumamosi iliyofuata akaja ameoga, shati limepigwa pasi. Sindano alitaka kuondoka. Lakini aondoke yeye, aliyekuwepo tangu baraza halina hata birika? Thubutu! Alibaki, naye Cheche akabaki, wakawa wanasemezana kwa mgongo wa yule mwashi.

"Huyu mwashi hana haya hata kidogo," Sindano angesema, macho kwa mkutubi.

"Huenda ana sababu zake," Cheche angejibu, naye macho kwa mkutubi.

"Ukurasa gani?"

Cheche angeinamia kitabu chake. Hayo ndiyo yalikuwa maongezi yao, hayana utamu hata chembe, lakini ukimwona Sindano Jumamosi asubuhi kwenye cherehani yake, anashona mkono wa gauni kichwa chini miguu juu, ungejua anayangojea. Yeye mwenyewe asingekiri hata kwa viboko.

Ikafika siku ya sura ya mwisho. Kabla hawajaanza, mkutubi alisema wamuage mwenzao: Cheche amepata kazi ya daraja, mbali sana, na anaondoka kesho alfajiri. Watu wakampongeza. Sindano aliinama kutafuta miwani kwenye mkoba, na miwani alikuwa ameivaa.

Moyo ulimpasuka, tuseme ukweli. Alielewa kwamba kitabu kikifungwa leo, hana tena njia ya kumfikia yule mtoto aliyembeba mgongoni. Kumfuata nyumbani kwake hakuweza. Kiburi kilimzuia, na alijua kinamzuia, na hakujua akitoe vipi.

Zamu ya kusoma ikamwangukia Cheche. Alisoma polepole, kidole chenye makovu ya moto kikitambaa chini ya maneno: "Usiku ule mwashi alisimama nje ya nyumba ya baba yake mpaka taa ikazimwa. Kisha akaenda zake." Akatua.

"Haya," mkutubi akasema. "Kwa nini hakuingia?"

"Kwa sababu hana moyo," Sindano akadakia. "Mzazi wake yuko kitandani, yeye anasimama nje kama mgeni wa serikali anayengoja kukaribishwa! Angekuwa na moyo angeingia."

"Aliogopa," Cheche akasema.

Safari hii hakumtazama mkutubi. Alitazama mikono yake.

"Aliogopa, basi. Hakikuwa kiburi. Alifika pale, akashika komeo la geti. Geti alilichomelea mwenyewe, lile linaloburuza chini, akajua akilisukuma litapiga kelele. Akamsikia mama anakohoa. Akamsikia dada yake anasema, 'Meza, mama. Kidogo tu, mama, kwa ajili yangu.' Akajua akiingia atamwona mama alivyokwisha. Akashindwa. Akajiambia atarudi kukicha, akishajikaza. Kulipokucha alijifungia gesti, hakutoka, akasikia kwa watu kwamba..."

Akakiweka kitabu magotini.

Dereva mstaafu siku hiyo, bahati mbaya, alikuwa macho. Tena alifurahi kama mtu aliyenasa samaki mkubwa. "Ngoja, ngoja, bwana! Mama gani tena? Kitabuni mgonjwa ni baba. Na mwashi hana dada, mimi nakumbuka. Ukurasa gani?"

Wote wakamgeukia Sindano, maana hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Lakini akili ya Sindano ilikuwa imerudi kitandani kwa mama.

Usiku ule alikuwa ameshika kijiko cha uji. Mama alikohoa, akakataa kumeza, halafu akainua kichwa kutoka kwenye mto, kichwa ambacho kwa siku nyingi hakikuinuka, akatabasamu. "Mwanangu yuko getini," akasema. "Mfungulie." Sindano alikuwa amechoka hata kuona haoni vizuri. Alifikiri ni homa. "Ni upepo, mama. Lala." Mama akarudia, "Mfungulie mtoto." Naye akarudia, ni upepo. Mama alifariki kabla hakujakucha. Miaka yote hiyo Sindano amekuwa akiwaambia watu kwamba mwishoni mama alikuwa anaweweseka.

"Upo," Sindano alisema.

"Upo wapi?" Dereva alianza kupekua kitabu. "Hebu tutajie uku..."

"Nimesema upo! Mwache!"

Dereva alikifunga kitabu polepole. Hata yeye alikuwa ameanza kuelewa. Nje kijana wa matairi aligonga rimu, akaacha.

Sindano alivua miwani. Akamtazama mdogo wake usoni, na aliona jinsi alivyozeeka, mashavu yameingia ndani kama ya mama.

"Yule mgonjwa alisikia geti," alisema. "Komeo liligonga chuma kidogo tu, yeye akasikia. Akasema mwanangu yuko nje, mfungulie. Hakukasirika hata kidogo. Alitabasamu, maskini. Alisema mara ya kwanza, akasema tena. Aliyekuwa anamwuguza hakwenda kutazama. Alimwambia ni upepo."

Cheche alimkodolea macho. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayeomba maji:

"Ukurasa gani, dada?"

Neno hilo dada Sindano hakuwa amelisikia kwake tangu zile simu za nakuja, nakuja. Likamtoa machozi, hakuyafuta.

"Hakuna ukurasa, mdogo wangu. Nilikuwepo. Ni mimi niliyemwambia ni upepo."

Cheche aliinuka. Alikiacha kile kiti cha mlangoni, akapita katikati ya watu akigonga magoti yao, akafika, akakaa sakafuni miguuni pa dada yake, jitu zima na shati lake la pasi, akaficha uso kwenye mapaja yake. Sindano aliweka mkono juu ya kichwa chake. Mkutubi alikuwa bado ana kipande cha mwisho cha kusoma, na wote walikuwa wamekingoja msimu mzima. Alivikusanya vitabu kimoja kimoja, akavirudisha kabatini.