Walevi wa Chumba Chenye Ubaridi

Panya wa Profesa Ignazio Cabras walikuwa walevi wa ukoo. Babu zao walikunywa, bibi zao walikunywa, na ndivyo walivyotakiwa. Kwa miaka mingi pale Cagliari dume mlevi aliozwa jike mlevi, hata wakapatikana panya ambao ukiwawekea chupa mbili, moja ya maji na moja ya pombe, ya maji hawaitazami. Katika kisiwa kizima cha Sardinia hao ndio walevi pekee waliolishwa, wakabadilishiwa matandiko na kupimwa kila asubuhi bila mtu kuwasema.

Aliyewapima alikuwa Bonaria Piludu, fundi wa maabara, mwanamke wa miaka hamsini na mitatu mwenye ulimi mwepesi na mwandiko mzuri. Kila saa tatu asubuhi aliweka chupa moja moja juu ya mizani, akaandika kilichopungua, kisha akazibadilisha pande ili panya asinywe kwa mazoea ya upande tu. Kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kuandika namba ambayo mizani haikuisema. Hata wauza nyama sokoni walimjua, wakiondoa vidole kwenye mizani wakimwona anakuja.

Kiangazi hicho profesa alitaka kuonyesha jambo moja. Panya akitishwa, homoni ya msongo humwagika katika damu yake, na kile kijisehemu cha ubongo kinachotunza hofu huwaka, kisitulie mpaka panya apige funda. Basi panya wakagawanywa. Kundi la kwanza lilibanwa kwenye mrija wa plastiki nusu saa kila siku mpaka likaichukia dunia. Kundi la pili liliachwa chumba cha mwisho, raha mustarehe, likitarajiwa kunywa kwa adabu. Badala yake kundi la raha likanywa kama limefiwa: gramu saba kwa siku kwa kila kilo ya mwili, sawasawa na wale waliobanwa.

Profesa hakuwalaumu panya. Alimwita Bonaria mbele ya wanafunzi.

"Bi Bonaria, hizi namba umezitoa kwenye mizani, au umeziota ukiwa umelala pwani?"

"Kwenye mizani, Profesa."

"Basi na mizani imelewa."

Wanafunzi wakacheka, kwa kuwa mtihani ulikuwa karibu. Jioni hiyo profesa akamwandikia mkurugenzi, Daktari Speranza Loddo, kwamba fundi wake anapika namba. Jambo hilo lilimuuma Bonaria mpaka chakula kikamshinda. Kazi angeweza kupata nyingine, hata ya kuuza samaki, lakini jina la mwongo hapana, hilo asingelibeba.

Daktari Loddo, mtu wa maneno machache, aliagiza panya wa raha wapimwe damu. Homoni ya msongo ilikutwa iko juu mno. Bonaria akashusha pumzi, kwani namba zake zilikuwa za kweli. Lakini profesa hakuwa mtu wa kushindwa na damu. Alisema kama ni hivyo, basi anayewatisha panya ni huyohuyo Bonaria, maana ana mikono mizito na ananuka vitunguu saumu.

Nyani haoni kundule. Jengo zima lilijua nani aliyekuwa akiwatisha wale panya. Julai ile upepo wa moto ulivuka bahari kutoka Afrika, viyoyozi vyote vikafa isipokuwa cha chumba cha panya wa raha. Kila asubuhi profesa alijifungia humo na simu yake, akivuja jasho, akigombana na dada yake juu ya nyumba ya marehemu baba yao kule Oristano. Alimwita dada mtu mbuzi, kisha mchawi, huku akipiga meza teke, na panya wakijikunyata pembeni. Alipokata simu wote walielekea chupani, na si ile ya maji.

Kumweleza profesa hayo bila ushahidi kulikuwa kazi bure. Ushahidi Bonaria alikuwa nao, ila aliuonea haya. Nyuma ya magunia ya chakula cha panya aliweka chupa ya mirto, pombe nyeusi ya matunda ya porini iliyotengenezwa na mama mkwe wake. Profesa akimfokea, alikwenda nyuma ya magunia, akapata kikombe kidogo, akarudi kazini. Na kwa kuwa mizani ilikuwa palepale, na mazoea yana taabu, kila asubuhi aliipima na hiyo, akaandika kwenye kurasa za nyuma za daftari lake.

Kikao cha kuamua shauri lao mbele ya Daktari Loddo kilikuwa Alhamisi. Anywaye kazini hufukuzwa, hilo halikuwa na mjadala, na Bonaria alikaa na daftari mapajani, amelibana kwa mikono miwili. Kisha akalifungua kwenye ukurasa aliozichorea namba zake mistari ya grafu.

"Daktari, mstari huu ni wa panya wa raha. Huu mwingine ni wa mnyama mwingine, jike, kilo sabini na nane."

Mistari miwili ilipanda pamoja na kushuka pamoja. Kwa siku nne yote miwili ilikuwa chini kabisa.

"Siku hizi nne kulikuwa na nini?" Daktari Loddo akauliza.

"Profesa alikuwa Roma."

Profesa akasema huo ni mzaha, hakuna panya wa kilo sabini na nane.

"Ni mimi," Bonaria akasema, akaitoa chupa mkobani na kuiweka mezani. "Sijitishi mwenyewe, Profesa. Na funda langu napiga siku zilezile wanazopiga wao."



Daktari Loddo aliamua kwamba profesa asiingie tena chumba kile bila ruhusa ya Bonaria, na simu zake akazipigie kwenye maegesho ya magari, juani. Mkuki kwa nguruwe. Bonaria abaki kazini, mirto iende nyumbani, na kwa kuwa amejiingiza mwenyewe kwenye utafiti, alete namba zake kila Jumatatu.

Wiki haikuisha, panya wa raha wakashuka hadi gramu mbili, wakalala wamelundikana mchana kutwa. Profesa alimsalimia Bonaria kwa adabu kila siku. Wanafunzi walimpongeza, wakangoja mstari wake nao ushuke.

Jumapili mchana, mumewe akiwa sebuleni akitazama mbio zake za baiskeli kwenye televisheni, Bonaria aliweka mirto juu ya mizani ya jikoni. Akaipima tena. Akaihamishia mizani kwenye meza iliyonyooka, akapima mara ya tatu. Wiki nzima hakuna aliyemfokea, na chupa ilikuwa imepungua kuliko wiki yoyote ya profesa. Angeandika sifuri tu, mistari ingeshuka pamoja, na hakuna ambaye angejua. Aliogopa kuliko alivyoogopa kikaoni. Akaandika gramu mia mbili na kumi na nne.

Jumatatu saa tatu aliliweka daftari mbele ya Daktari Loddo, akaketi bila kukaribishwa.

"Panya wamepunguza, Daktari," akasema. "Mimi nimezidi."