Siku Dungu Lilipotembea

Usiku wa kuamkia jana, Ligomba, mkulima wa mahindi huko Liwale, alilala kitandani kwake kwa mara ya kwanza tangu nguruwe mwitu waanze kuingia shambani. Usingizi haukumsaidia. Alipofumba macho tu alijikuta juu ya dungu.

Lilikuwa dungu lake mwenyewe, jukwaa la miti alilolijenga pembeni mwa shamba. Chini yake palikuwa na rundo la mahindi yaliyochacha, chambo cha nguruwe. Gobore lilikuwa mapajani. Kasoro ilikuwa jua tu: lilikuwa la utosi, na hakuna anayevizia nguruwe adhuhuri.

Ligomba alitaka kulalamika. Akajigusa usoni. Hana mdomo. Kutoka puani hadi kidevuni ni ngozi tupu, laini kama ya goti.

Hakushangaa sana. Tangu utotoni aliambiwa kwamba anayepanda dunguni huacha mdomo nyumbani, na sheria hiyo aliitii msimu mzima. Hata alipokuwa ameshuka, aliketi na mkewe Somoe bila neno, mpaka Somoe akafunga nguo zake akarudi kwao.

Nguruwe jike anatokea, na nyuma yake bweha mwembamba. Hawanyemelei. Wanakuja katikati ya njia kama wageni walioalikwa.

"Hodi," anasema nguruwe.

"Karibu," gobore likamjibia Ligomba.

"Mnatuua, na nyama yetu hamli."

"Dini hairuhusu."

"Sasa mnatuulia nini?"

"Mahindi."

Nguruwe akalitazama rundo. "Hata sisi mahindi ndiyo yaliyotuleta. Kumbe shida yetu ni moja." Akala kidogo, kwa adabu. Bweha alikaribishwa akakataa. Alisema tumbo lilikuwa linamsumbua.

"Shemeji," bweha akamgeukia Ligomba, "mdomo wako tumeuona. Uko kwa wakwe zako. Unaongea mno, jirani hawalali."

Ligomba akainama ukingoni mwa dungu amsikie vizuri. Alitaka kujua mdomo unasema nini. Akalitazama gobore, lakini gobore lilisema mambo ya ndoa haliyajui.

Hapo dungu likang'oa miguu yake minne ardhini, mmoja mmoja, likaanza kutembea. Lilipita kati ya mahindi bila kuvunja hata bua, likaingia mtoni, na kabla halijamaliza kuvuka likawa limesimama uani kwa wakwe.

Somoe anaepua chungu cha muhogo. Kwenye mkeka, kando yake, uko mdomo wa Ligomba, umechoka.

"Shuka, mume wangu," Somoe anasema. "Umekonda."

Akashuka. Somoe akauchukua ule mdomo, akaufuta vumbi kwa upindo wa kanga.

"Huu umeniambia kwamba nyumba imekuwa kubwa bila mimi. Umeniambia unaiogopa njaa, ndiyo maana hushuki kule juu. Nikaujibu, haya yote mwenye mdomo alishindwa nini kunieleza?"

Ligomba machozi yakamtoka, kwa kuwa macho alikuwa nayo.

Somoe anambandika mdomo mahali pake, anaubonyeza pembeni kama anayefunga sambusa. Kisha anamtilia kipande cha muhogo, kingali kinafuka moshi.

"Tafuna kwanza. Halafu useme mwenyewe."

Ligomba akatafuna haraka haraka, akaunguza ulimi, akameza. Akafungua mdomo.

Akaamka.

Kulikuwa kumekucha. Upande wa pili wa kitanda ulikuwa mtupu na baridi. Kitu kilikuwa kinamkera kati ya meno. Akakivuta kwa kucha, akakitazama kwenye mwanga wa dirisha: ni uzi wa muhogo, na bado una uvuguvugu. Katika nyumba ile hakukuwa na muhogo tangu Somoe aondoke.

Ligomba akavaa shati, akashika njia ya ukweni. Aliokutana nao wanasema alikuwa akizungumza peke yake njia nzima, kwa sauti, kama mtu anayeogopa maneno yatampoa kabla hajafika.