Swichi Alizoziacha Baba

Ukimsikiliza Bi Tarumbeta wa kiwanja cha pili pale kambini, karavani ile ndogo, nyumba ya kuvutwa na gari, ililipuka. Anasema alisikia mshindo wa kutikisa sufuria, akaona cheche zikiruka kama bisi, na mama mwenye karavani akaanguka kifudifudi huku akiwaita marehemu wake mmoja mmoja. Anaapa kwamba aliyaona kwa macho yake mawili, ingawa moja halioni vizuri.

Ukweli ulikuwa mdogo kuliko huo. Ilikuwa mchana kweupe, na mshindo wenyewe ulikuwa "tak!" tu wa swichi ya umeme kujizima, kama wa mtu aliyevunja njiti ya kiberiti. Mama alikuwa amekaa mlangoni anakata vitunguu. Hakuanguka. Aliweka kisu chini, basi.

"Umeona?" alimwambia bintiye. "Nilikwambia mimi. Mwenyewe hayupo."

Mwenyewe ni baba. Ndiye aliyeinunua karavani ile imejaa kutu, akaikwangua, akaipaka rangi, na kila kambi waliyofika ndiye aliyeiunganisha na umeme. Tangu azikwe ilikaa nyuma ya nyumba mwaka mzima. Sasa amepatikana mtu wa kuinunua, anangoja kupigiwa simu tu. Binti, kitindamimba wa nyumba ile, alimwomba mama waende safari moja kwanza. Mama alikubali shingo upande, tena kwa sharti: umeme ukiwashinda, asubuhi wanageuza, na simu inapigwa.

Binti alirudi kwenye nguzo ya umeme, akaipitia kazi yake polepole kama anayechambua mchele. Waya alikuwa ameukunjua wote, maana baba alisema waya uliojiviringa hupata joto. Alikuwa amezima swichi kubwa ya nguzo kwanza, akachomeka upande wa karavani, kisha upande wa nguzo, ndipo akawasha. Hayo aliyajua tangu utotoni, kwa kuwa mshika waya alikuwa yeye. Plagi ilikuwa kavu, soketi safi. Akapandisha swichi tena.

Tak! Ikajirudisha chini.

"Wee bibie!" Bi Tarumbeta aliita kutoka kwenye kiti chake cha kukunja. "Tafuta mwanaume akusaidie, utatukaanga!"

"Ukikaangika, shangazi, chumvi nitaleta mimi."

Bi Tarumbeta alicheka mpaka kiti kikalia. Binti hakucheka. Alikuwa ameuangalia waya mpaka mwisho wake, pale ulipoingia ubavuni mwa karavani, na akatambua kwamba ujuzi wake wote uliishia hapohapo.

"Mama, nilipokuwa huku nje na waya, baba alikuwa anafanya nini humo ndani?"

"Afanye nini? Ananizungukazunguka tu napanga vyombo. Agusa hapa, agusa pale, ka, ka, ka, kama mtoto anayehesabu vifungo vya shati. Namwambia nipishe, hanipishi."

"Alikuwa anagusa nini?"

Mama aligeuza kichwa taratibu, akatazama ukuta ulio juu ya meza, ambao tangu msiba hakuna aliyeruhusiwa kuupitishia hata kitambaa.

Swichi zote zilikuwa zimewashwa. Birika, hita, jiko, feni. Asubuhi ile ya mwisho ya baba, kwenye kambi nyingine, kulikuwa na baridi, na nguzo ya kambi ile ilikuwa na nguvu. Baba alikuwa amebandika maji ya chai kifua kilipombana. Waling'oa waya wakakimbilia hospitali. Waliporudi bila yeye, mama alisema kila kitu kibaki alivyokiacha, na kikabaki. Leo vyote viliamka kwa mpigo vikidai umeme, kama vifaranga waliomwona mama yao, na nguzo ndogo ya hapa haikuwa na ubavu wa kuvilisha.

"Naweza kuzizima mimi," binti alisema, lakini hakuvuka mlango. "Ila sizigusi bila wewe."

Mama aliinuka, akafuta mikono kwenye aproni, akafuta na macho.

"Vitunguu hivi," alisema.

Kidole chake kilisimama hewani mbele ya swichi ya birika. Kikasimama sana. Halafu: ka. Baada ya pumzi nyingine, ka. Zilizobaki alizizima harakaharaka, kama mtu anayeng'oa bandeji.

Binti akapandisha swichi ya nguzo, akangoja ile tak. Haikuja. Taa ndogo ya mlangoni ikasitasita, ikawaka.

"Kumbe haikulipuka," Bi Tarumbeta alisema, kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa.

Ndani, mama alijaza birika maji, akawasha swichi yake peke yake. Maji yakaanza kunong'ona. Simu ilikuwa mezani, kando ya vitunguu.

"Mama," binti alisema kutoka mlangoni, "usimpigie yule mtu. Kesho twende mbele, kambi moja tu."

Mama alikuwa amesimama mbele ya ukuta ule, anawasha feni, anaizima, anaiwasha tena, na kila mara anainamisha sikio kuisikiliza ile ka ya baba.