Benchi Moja, Milango Miwili

Kazi yangu ilikuwa kuhesabu vikohozi. Nina diploma ya uuguzi, nimeisotea miaka mitatu, na kwenye utafiti ule nilipewa kalamu nikaambiwa: mpe mgonjwa kikombe cha maji, kaa kando, andika amekohoa mara ngapi. Wagonjwa wakanibatiza Bwana Vikombe. Sikukasirika. Kuna watu wana digrii mbili na hawana hata jina la utani.

Utafiti ulikuwa wa watu ambao koo limegoma. Wengi walipigwa na kiharusi. Mkono ukarudi, mguu ukarudi nusu, kumeza kukakataa katakata. Maji yakiingia mdomoni yanakosea njia, yanaelekea mapafuni. Kwa hiyo maji yao yanatiwa unga maalumu mpaka yawe mazito kama gundi. Jaribu siku moja kukata kiu kwa gundi, halafu uje unihubirie habari za subira.

Daktari, mtafiti mkuu wetu, alitaka kujua kama mazoezi ya koo yanasaidia. Akawagawa wagonjwa arobaini kwa kura. Ishirini waliingia mlango wa bluu, kwenye mazoezi yenyewe: kubana ulimi juu ya kaakaa, kumeza kwa nguvu, kulala chali na kuinua kichwa utazame vidole vya miguu. Ishirini waliingia mlango wa kijani, wakakandwa shingo na mabega, basi. Wa huku hatakiwi kujua ya kule. Baada ya wiki kumi na mbili kila mmoja anapigwa picha ya eksirei akimeza, na anayefaulu anaruhusiwa maji ya kawaida.

Kila kitu kilipangwa isipokuwa benchi. Milango miwili, korido moja, benchi moja.

"Daktari, hawa watakaa pamoja," nilimwambia.

"Dakika tano tu, hawatazoeana."

Nikajua huyu mama hajawahi kusubiri daktari.

Hedimasta alikuja na mkewe. Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, shati limenyooka, kalamu mbili mfukoni. Kura ikampeleka mlango wa kijani. Kwenye fomu kuna swali: unatarajia nini kwenye matibabu haya? Wengine husema kupona. Yeye akasema, "Mke wangu arudi mezani."

Nikadhani wameachana. Nikamtazama mkewe, akacheka.

"Sijaenda popote, mwanangu. Nakula jikoni, nimesimama, mlango nimefunga. Nitatafunaje mbele ya mtu anayekunywa gundi?"

"Miaka thelathini na nane tumekula meza moja," Hedimasta akasema. "Sasa nasikia kijiko chake kupitia ukutani."

Nikaandika: mgonjwa anatarajia kupona. Fomu ilikuwa na mstari mmoja tu.

Wiki ya nne Hedimasta alikaa karibu na Fundi, mshona nguo wa mlango wa bluu. Fundi alikuwa amekunja uso kama mtu aliyekaa juu ya sindano zake mwenyewe.

"Unafanya nini na uso wako?" Hedimasta akauliza.

"Mazoezi ya nyumbani, mzee. Sikuyafanya, nayamalizia hapa."

"Aa! Ndivyo ulivyofundishwa?"

"Nimesahau kidogo."

"Toa karatasi."

Mtu aliyefundisha maisha yake yote, ukimwonyesha kazi iliyofanywa ovyo, umemwekea paka samaki. Alivaa miwani, akaisoma karatasi ya mazoezi juu mpaka chini.

"Hapa pameandikwa bana ulimi sekunde tano. Wewe umebana mbili. Rudia. Na hilo bega unaliinulia nini? Unameza au unabeba gunia?"

Fundi akarudia. Na Hedimasta, ili mwanafunzi aelewe, akawa anafanya naye.

Wiki ya tano benchi zima lilikuwa darasa. Bluu na kijani, ndimi zimebanwa, macho yamewatoka, Hedimasta anahesabu kwa kidole. "La kulala chali mtafanya nyumbani," alitangaza, "na msinidanganye, nitawauliza wake zenu."

Sheria ilikuwa wazi. Mgonjwa akivuka kundi anaandikwa, anatolewa, picha hapigwi. Maana yake gundi iendelee, na mkewe abaki jikoni. Nikamvuta Hedimasta pembeni.

"Mwalimu, utafukuzwa."

"Mimi nimefukuza watoto wangapi? Acha nionje." Halafu akashusha sauti. "Kijana wangu, jana nimemeza mate bila kufikiria."

Kijana mwenyewe nina miaka arobaini na tisa. Lakini ningefanyaje? Uongo siandiki. Kwenye ripoti ya wiki nikaandika bayana: wagonjwa wa milango yote miwili wanafundishana mazoezi kwenye benchi, na mwalimu wao anasahihisha karatasi yetu. Kisha nikampelekea Daktari wakati anabishana kwenye simu. Akatia sahihi bila kushusha macho. Nakiri, saa ile niliichagua.

Siku ya picha Hedimasta alipewa kinywaji cheupe kinachoonekana kwenye eksirei. Kwenye skrini tukakiona kikishuka, kikafika kwenye njia panda, kikapita kwenye njia yake kama mtu mwenye adabu. Nikaandika: vikohozi, sifuri.

Jumla wakafaulu bluu kumi na sita, kijani kumi na watano. Daktari akazikodolea macho zile namba.

"Hakuna tofauti," alisema. "Mazoezi hayashindi kukandwa mabega. Itabidi niandike hivyo."

Hapo nikashindwa. Kunyamaza ni kitu kimoja, lakini kuacha dunia nzima ikandwe mabega ni dhambi nyingine.

"Daktari, soma ripoti ya wiki ya tano."

Akaisoma. Akairudia.

"Hii sahihi ni yangu?"

"Ni yako. Tena imekaa vizuri."

Akaikunja ripoti. Nilishaanza kuaga kalamu yangu moyoni.

"Watu thelathini na mmoja wanakunywa maji," alisema, "na mimi ndiye niliyefeli." Akacheka kicheko kikavu. "Tunaanza upya. Korido mbili. Na ile karatasi ya mazoezi, mwalimu wao alisemaje, ina makosa?"

"Ameisahihisha kwa wino mwekundu. Umepata sabini."

Wiki mbili baadaye mkewe Hedimasta alikuja kurudisha kopo la unga lililobaki.

"Shikamoo mama. Umerudi mezani?"

"Marahaba. Nilirudi." Akaketi kwenye benchi lile lile. "Siku ya kwanza tulilia wote. Siku ya pili akaanza: umetafuna mara nne unameza, rudia! Kaa wima! Jana nimechoka, nikachukua sahani yangu nikaenda jikoni, nikafunga mlango."

Utafiti mzima, mlango umefungwa tena.

"Na yeye?"

"Akabisha hodi. Ana sahani yake na glasi yake ya maji. Tukala wote tumesimama, kama wezi."

"Hakukohoa?"

"Yeye hakukohoa. Nimekohoa mimi, kwa kucheka."

Kalamu ilikuwa mkononi, mazoea yana taabu. Nikaandika: kimoja.