Jina la Tano Mlangoni

Kwa miaka thelathini na minane Ermete Gandolfi alifundisha kwaya ya opera mjini Parma, na kwa miaka yote hiyo makofi yalikwenda kwa wengine. Yeye ndiye aliyewanoa waimbaji sitini miezi mizima, neno kwa neno. Siku ya onyesho hutokea mwongozaji wa okestra, akapunga kijiti, akainama, akarushiwa maua. Gandolfi husimama nyuma ya pazia, shati limelowa jasho, akitamka maneno bila sauti.

Miongoni mwa hao sitini alikuwemo mkewe, Nives. Aliimba sauti ya pili, na safu nzima ya wanawake wa nyuma ilimwegemea yeye.

Mwaka wa kumi na tisa wa Gandolfi kazini, wakuu wa jumba la opera waliamuru watu watano wapunguzwe. Wote wapimwe upya, na Gandolfi ndiye aamue. Asubuhi ya kupimwa, Tullio wa sauti ya nne alipaza sauti mbele ya wenzake.

"Maestro, sisi ndio tunapimwa leo. Mama Nives keshapimwa chumbani!"

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Gandolfi hakucheka.

Nives aliimba vizuri siku ile, pengine kuliko siku zote. Lakini orodha ya waliopunguzwa ilipobandikwa mlangoni, jina lake lilikuwa la tano.

"Sauti yako imechoka," Gandolfi alimwambia jikoni.

"Imechoka wapi? Nitajie noti."

Gandolfi akachukua kofia yake, akatoka.

Tangu hapo Nives hakuimba tena. Alipika, alishona nguo za watu, alipiga soga na majirani dirishani; lakini kuimba, la, hata kanisani siku ya Krismasi. Tullio yeye alibaki, akaimba mpaka meno yakamtoka.

Ikafika Jumapili ya Gandolfi kustaafu. Onyesho la mchana lilipokwisha, mwongozaji alimvuta mkono hadi katikati ya jukwaa. Ukumbi mzima ukasimama. Hata wale wa roshani ya juu, wasiojua kumhurumia mwimbaji akikosea, walipiga kelele, "Bravo, Gandolfi!" Akatazama safu ya tatu, kwenye kiti alichomwekea mkewe. Palikuwa na koti la mtu asiyemjua.

Alifika nyumbani na maua mkononi. Nives alikuwa anasukuma unga wa tambi.

"Wamesimama wote," alisema Gandolfi.

"Nimesikia. Jirani alifungua redio."

"Mbona hukuja?"

"Nije kumsikiliza nani?"

Gandolfi akaweka maua mezani. "Nives, siku ile hukukosea hata noti moja. Niliogopa midomo ya kina Tullio."

Nives hakuinua macho. "Nilijua tangu siku ileile. Nilikuwa nangoja useme. Ungesema mwaka wa kwanza, ningerudi kuimba. Ungesema mwaka wa tano, ningekusamehe."

"Na sasa?"

"Sasa nina unga mikononi."

"Niimbie kidogo tu. Mstari mmoja."

"Ulinisikiliza miaka kumi na tisa, Ermete, na hukunisikia."

Akayasukuma maua kwa kiwiko, apate nafasi ya kukata tambi. Mawili matatu yakaanguka chini. Gandolfi akainama kuyaokota, mgongo ukimuuma, na hakuna aliyemsaidia.