Maji ya Moto Chini ya Barafu

Hyasinta aliweka chupa mezani akasema, "Baba, hii nimekuletea kutoka kule kwenye barafu."

Nikafungua, nikapiga funda kubwa. Mungu wangu! Nilitema mpaka ukutani. Jirani yangu Thadeo, aliyekuja kumsalimia mtoto, akacheka huku ameshikilia mlango.

"Mzee Kwangu, umekunywa supu ya mawe!"

"Ni maji ya bahari, baba. Tulishayapima, haya yalibaki."

Sasa mimi ningejuaje? Sisi watu wa Murangi, huku ziwani, maji mengi tunayoyajua ni ya kunywa. Ukiwa mtumbwini na kiu unainama, unachota, basi.

Lakini hakuja kwa ajili ya chupa. Alikuwa ameitwa tena kwenye meli ya wataalamu wa bahari, inakwenda kusini kabisa mwa dunia, na alitaka neno langu. Nyumbani kwetu mtoto haingii safari ya maji bila neno la mzazi. Safari ya kwanza aliniambia akiwa ameisharudi, nikanuna mwezi mzima. Mama yake, Tabitha, alizama akivuka kwenda kisiwani. Boti ilijazwa watu na magunia, na mkaguzi amesimama palepale anaangalia. Wakubwa wakaja na turubai lao na viti vyao, wakatoa pole, wakaondoka. Boti mpaka leo zinajazwa vilevile.

"Sitaki," nikamwambia. "Maji yameshachukua mmoja humu ndani."

Hakubisha. Akaanza tu kusimulia kazi yao, kama mama yake alivyokuwaga akitaka kitu.

Wana chuma kikubwa kimezungukwa na mitungi. Wanakishusha kwa kebo mpaka karibu na sakafu ya bahari, midomo ya mitungi iko wazi. Kikipandishwa, kila kina wanachokitaka wanafunga mtungi mmoja, wanapata maji ya pale pale. Upepo unavuma, mikono imekufa ganzi, na hakuna anayeacha zamu yake. Pale barafu inapozuia meli, wanambandikia sili kifaa kwenye manyoya ya kichwa.

"Sili ndiyo mdudu gani?" Thadeo akauliza.

"Kama fisi maji, baba mdogo, ila mnene kuliko ng'ombe wako."

"Ng'ombe wangu wamekonda, usiwatukane."

"Akizama kuwinda, kifaa kinapima joto na chumvi. Akitoka kupumua, kinatuma habari kwa satelaiti. Akibadilisha manyoya, kinadondoka chenyewe."

Nikajikuta nimesogeza kiti. Watu wamemfanya mnyama kuwa mtumishi, na wala hawajamuumiza!

"Na mmeona nini?"

"Maji ya moto yanapita chini, yanakula barafu kwa tumboni. Barafu ya nchi kavu inakosa kizuizi, inateremka majini, bahari inapanda."

"Hapo wamekudanganya. Maji ya moto yanakaaga juu. Zamisha mguu ziwani, chini ni baridi."

"Ziwani ni kweli. Lakini wewe si umeyaonja?"

Chumvi bado ilikuwa ulimini.

"Hiyo chumvi ni mzigo, baba. Maji yenye chumvi nyingi yanazama hata yakiwa na joto. Ya juu ni baridi, ila chumvi yake imepunguzwa na barafu inayoyeyuka. Na si moto wa kuogea. Ni moto kwa barafu tu."

Vitu ambavyo jicho halioni, chini ya barafu, gizani, watu hawa wanavifuata mpaka vinasema. Na huku kwetu boti imejaa mchana kweupe, mwenye macho haoni.

"Jaketi okozi mnavaa?"

"Kila mtu ana lake. Tunafanya mazoezi kabla ya kutoka. Mara ya mwisho jaketi la mpishi lilikuwa limechanika, nahodha akakataa kung'oa nanga mpaka likaletwa jingine."

"La mpishi?"

"La mpishi."

Meli nzima, na maprofesa wake, inamngoja mpishi. Ilibidi nitoke nje kidogo. Niliporudi nikamwekea mkono kichwani, nikawataja wazee wetu na mama yake, nikamwambia aende akapime, arudi.

Thadeo akafurahi kupita kiasi. "Basi kesho tumvushe na boti ya mchana, anawahi gari upande wa pili!"

"Nani? Huyu mtoto hapandi boti ya hapa," nikasema. "Atazunguka kwa barabara mpaka Bunda, gari atalipandia huko. Nimemruhusu kwenda kwenye barafu tu."